Ushahidi Hata Dhidi ya Nafsi Zetu: Somo la Gambia Kuhusu Dini na Haki za Binadamu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Muhula uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, tulikaa katika darsa letu la kila wiki. Tulimaliza kwa dua kama kawaida: tukawaombea ndugu zetu wa Palestina, Warohingya, Waislamu wa Uighur na watu wa Sudan. Tulipokwisha kuitikia amin, watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Hapo kaka mmoja wa mwaka wa kwanza akaomba kuuliza. Ni Mkongomani aliyekulia kambini Nakivale. Alisema kwa sauti ya chini: "Mimi nimeitikia amin kwa wote mliowataja. Lakini kijijini kwetu, usiku tuliokimbia, waliouawa walikuwa Waislamu wawili, na Wakristo zaidi ya kumi. Tuliobaki tulitembea pamoja mpaka mpakani. Siku dua hii ikifika kwetu, itawahusu wale wawili, au sote?"

Amir wetu alisema swali ni zito na tungelijadili wiki inayofuata. Wiki iliyofuata mitihani ikaanza, na swali likabaki pale pale msikitini. Makala hii ni jaribio la kulijibu. Sikutaka kulijibu kwa maneno matamu tu, kwa sababu ndani yake mna swali kubwa zaidi: dini yetu inafanya kazi gani katika mahusiano ya mataifa na katika kupigania haki za binadamu? Je, inatufanya tuwatetee wenzetu peke yao, au inatutaka kitu kingine?

Nimechagua kesi moja ya kweli tuisome pamoja hatua kwa hatua: kesi ambayo nchi ndogo ya Gambia iliifungua dhidi ya Myanmar kwa ajili ya Warohingya. Nimeichagua kwa sababu imepita Jeddah, Makkah na The Hague, lakini mizizi yake mmoja uko hapa karibu nasi, Arusha.

1. Dini inapotumika kumvua mtu haki

Tuanze na upande mchungu. Warohingya ni Waislamu wa jimbo la Rakhine, magharibi mwa Myanmar. Sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwaacha nje ya makabila yanayotambuliwa kuwa ya nchi hiyo. Mtu asiye na uraia hana pa kushika: ruhusa ya kusafiri, kuoa au kusoma inakuwa hisani ya ofisa, si haki yake.

Sheria ilitengeneza ukuta, kisha dini ikatumiwa kuupaka rangi. Baadhi ya watawa wa Kibudha, maarufu zaidi akiwa Ashin Wirathu, walihubiri kwamba Waislamu ni hatari kwa taifa na kwa dini ya wengi. Machafuko ya mwaka 2012 yaliwatoa maelfu ya Warohingya majumbani mwao. Mwaka 2015 bunge lilipitisha sheria nne zilizoitwa za kulinda rangi na dini. Zilidhibiti uzazi, kubadili dini, na ndoa za wanawake wa Kibudha na wanaume wa dini nyingine.

Tarehe 25 Agosti 2017 kundi la wapiganaji wa Kirohingya lilishambulia vituo vya polisi. Tuliseme hilo wazi, kwa kuwa anayetaka haki haruki sehemu ya habari isiyompendeza. Jeshi lilijibu kwa kuvishambulia vijiji vizima. Watu zaidi ya 700,000 walivuka kuingia Bangladesh. Timu ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliandika mwaka 2018 juu ya mauaji ya halaiki, ubakaji na uchomaji wa vijiji, na ikapendekeza majenerali wakuu wachunguzwe na washitakiwe kwa mauaji ya kimbari.

Funzo la kwanza ni hili: dini yoyote ikigeuzwa kuwa kitambulisho cha "sisi" dhidi ya "wao", inaweza kubariki unyama. Ubudha unafundisha huruma kwa kila kiumbe, na bado walipatikana watu waliovaa joho la utawa wakachochea chuki. Tusifikiri ugonjwa huo hauwezi kutufika sisi.

2. Kutoka Arusha hadi Cox's Bazar

Wengi wetu tunaijua Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, OIC, kwa matunda yake ya karibu. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, ni mtoto wa jumuiya hiyo. OIC yenyewe ilizaliwa Rabat, Morocco, Septemba 1969, mwezi mmoja baada ya Msikiti wa Al-Aqsa kuchomwa moto. Makao yake makuu yako Jeddah na wanachama wake ni nchi 57. Ni mfano ulio wazi wa dini kupata kiti katika mambo ya mataifa. Lakini tukumbuke kwamba wanaokaa katika viti hivyo si maulamaa. Ni marais na mawaziri, na kila mmoja anakuja na mikataba yake ya biashara mfukoni.

Mei 2018 mawaziri wa OIC walikutana Dhaka, Bangladesh. Waziri wa mambo ya nje wa Gambia hakuweza kwenda, akaenda badala yake waziri wa sheria, Abubacarr Tambadou. Wajumbe walipelekwa Cox's Bazar kuwaona wakimbizi. Wengi wetu tumewahi kuona ziara za namna hiyo: viongozi wanashuka magarini, wanapigwa picha, wanaondoka.

Tambadou alisikia kitu ambacho wenzake hawakuwa na masikio ya kukisikia. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ICTR, iliyokaa Arusha. Alikuwa katika timu ya waendesha mashtaka, na miongoni mwa kesi alizozishughulikia ni ya Augustin Bizimungu, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Alikuwa amesikiliza manusura wa Rwanda wakieleza jinsi jirani anavyogeuzwa kuwa mdudu kabla ya kuuawa. Amesimulia kwamba aliyoyasikia kambini yalimrudisha moja kwa moja kwenye ushahidi ule.

Ndugu msomaji, tuliangalie jambo hili vizuri. Kilichomwezesha mtu huyu kuwatetea Waislamu wa Asia ni elimu aliyoipata kwa kuwatafutia haki watu wa Rwanda, ambao wengi wao hawakuwa Waislamu. Kama angekuwa ameona damu ya Rwanda haimhusu kwa sababu si ya "ndugu zake", asingekuwa na ujuzi wowote wa kuwapelekea Warohingya.

Gambia ikawa mwenyekiti wa kamati ya mawaziri wa OIC ya kushughulikia uwajibikaji kwa uhalifu uliofanywa dhidi ya Warohingya. Mei 2019 mkutano wa wakuu wa nchi za OIC uliofanyika Makkah uliunga mkono suala hilo kupelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ. Tarehe 11 Novemba 2019 Gambia ikafungua kesi The Hague.

3. Nani ana ruhusa ya kushitaki?

Hapa wanafunzi wa sheria watanisamehe nikirahisisha. Kwa kawaida nchi huishitaki nchi nyingine ikiwa yenyewe imedhulumiwa: mpaka wake umevamiwa, meli yake imekamatwa, raia wake wameumizwa. Gambia haina mpaka na Myanmar, haikupokea wakimbizi wa Kirohingya, wala waliouawa hawakuwa raia wake. Basi ilisimama juu ya nini?

Ilisimama juu ya Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari, uliopitishwa tarehe 9 Desemba 1948. Nchi zote mbili zimejifunga na mkataba huo. Unalinda makundi ya kitaifa, ya kikabila, ya rangi na ya kidini, na kifungu cha 9 kinaruhusu mgogoro kuhusu utekelezaji wake upelekwe ICJ.

Desemba 2019 Myanmar ilimpeleka Aung San Suu Kyi mwenyewe, mshindi wa tuzo ya Nobel ya amani ya mwaka 1991, kuitetea serikali mbele ya majaji. Mwanamke aliyewahi kuwa alama ya haki za binadamu duniani sasa alikuwa analitetea jeshi lililomfungia nyumbani miaka mingi. Katika hotuba yake hakuwaita Warohingya kwa jina lao, isipokuwa alipotaja jina la kundi la wapiganaji.

Tarehe 23 Januari 2020 mahakama, chini ya rais wake Msomali Abdulqawi Ahmed Yusuf, ilitoa amri ya dharura: Myanmar ichukue kila hatua inayowezekana kuzuia vitendo vya kimbari, ihakikishe jeshi lake halivifanyi, ihifadhi ushahidi, na ilete ripoti mahakamani kila baada ya muda uliopangwa. Majaji wote walikubaliana, wakiwemo Jaji Julia Sebutinde wa Uganda na hata jaji aliyeteuliwa na Myanmar. Jaji aliyeteuliwa na Gambia alikuwa Navi Pillay wa Afrika Kusini. Naye alikuwa amewahi kuwa jaji na rais wa ile mahakama ya Arusha.

Myanmar ilikuwa na hoja moja inayotuhusu sana. Ilidai kwamba Gambia si mshitaki wa kweli, bali imetumwa na OIC, na kwamba haikudhurika na lolote. Kwa maneno mengine: hawa ni Waislamu wanawabebea Waislamu wenzao. Julai 2022 mahakama iliikataa hoja hiyo. Ilisema Gambia imekuja kwa jina lake yenyewe, na msaada wa jumuiya haubadili jambo hilo. Tena, kwa kura 15 dhidi ya 1, mahakama ilithibitisha kwamba kila nchi iliyojifunga na mkataba ina maslahi ya pamoja katika kuzuia mauaji ya kimbari, hata kama si nchi iliyodhurika moja kwa moja.

Majaji hawakuiuliza Gambia kama inaelekea kibla kimoja na Warohingya. Huenda undugu wa imani ndio uliowafikisha wajumbe kambini. Lakini mlango wa mahakama ulifunguka kwa ufunguo mwingine: wajibu wa kila mtu kwa kila mtu.

Mlango huo ukishafunguliwa, haukufungwa nyuma ya Waislamu. Tarehe 29 Desemba 2023 Afrika Kusini, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wakristo, ilipita mlangoni humo kuishitaki Israel kwa ajili ya watu wa Gaza. Mahakama ilipotoa amri yake ya dharura Januari 2024, iliikubali haki ya Afrika Kusini kushitaki kwa msingi ule ule uliothibitishwa katika kesi ya Gambia. Wengi wetu tunakumbuka pia kwamba Jaji Sebutinde alipiga kura dhidi ya hatua zote katika amri ile, na serikali ya Uganda ikasema huo si msimamo wake. Tulikasirika. Lakini tulipaswa pia kujifunza kwamba jaji haketi pale kwa niaba ya nchi yake, na kwamba anayekwenda mahakamani anahitaji ushahidi na hoja kuliko hasira.

4. Aya zilizoshuka kumtetea asiye wetu

Je, haya ni mawazo ya The Hague tu, au yamo katika dini yetu?

Katika Surat An-Nisaa, kuanzia aya ya 105, wafasiri wengi wanaeleza kisa kilichotokea Madina. Silaha iliibwa katika nyumba ya Ansari mmoja. Aliyeshukiwa alikuwa mtu aliyehesabiwa miongoni mwa Waislamu. Ilipoonekana mambo yanamkaribia, mali ile ikakutwa kwa Myahudi, na ukoo wa mwizi ukaja kwa Mtume (S.A.W) kumtetea mtu wao. Hoja yao ilikuwa na mvuto: huyu ni wetu, yule si wetu. Wahyi ukashuka. Ukamwamrisha Mtume asiwe mtetezi wa wahaini, ukamsafisha Myahudi asiye na hatia, na ukaonya juu ya anayefanya kosa kisha akamtupia mwingine.

Fikiria hali ya Madina wakati ule. Umma ulikuwa mchanga, una maadui kila upande. Kama kulikuwa na wakati wa kusema "tusianike aibu zetu mbele ya watu", ulikuwa ule. Allah (S.W) hakulikubali hilo, na aya zile tunazisoma katika swala hadi leo.

Mbele kidogo katika sura hiyo hiyo, aya ya 135 inawaamrisha waumini wasimamie uadilifu na wawe mashahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Aya ya 8 ya Surat Al-Maidah inakamilisha upande wa pili: chuki juu ya watu fulani isitufanye tuache uadilifu. Ukiziweka pamoja hazikuachii pa kujificha. Mapenzi hayakuruhusu kupindisha ushahidi, wala chuki haikuruhusu.

Tuangalie pia lugha yetu. Shahada tunayoitamka ili kuwa Waislamu, na ushahidi tunaoutoa mahakamani, ni neno la mzizi mmoja. Anayesema kila siku kwamba anashuhudia hana udhuru wa kunyamaza anapoona dhulma.

Sira nayo inatuonyesha njia mbili. Ya kwanza ni Hilf al-Fudul. Kabla ya utume, Muhammad (S.A.W) alihudhuria mapatano yaliyofanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an. Waliokutana waliahidiana kumsaidia kila aliyedhulumiwa Makka, baada ya mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen kudhulumiwa mali yake na mkubwa mmoja wa Kikureshi. Waliokuwepo hawakuwa Waislamu, wala mdhulumiwa hakuwa na ukoo pale mjini. Baada ya kupewa utume, Mtume aliyasifu mapatano hayo na akasema angeitwa kwayo hata katika Uislamu angeitikia.

Ya pili ni Habasha. Waislamu wa kwanza kuwa wakimbizi walivuka bahari kuja Afrika. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Najashi, mfalme Mkristo, alikataa kuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Akamwita Ja'far bin Abi Talib, akasikia upande wa pili, akawapa hifadhi. Hakuwauliza kwanza kama ni wa kanisa lake.

5. Jumuiya iliponyamaza

Sasa tufike mahali panapouma. Machi 2019 mawaziri wa OIC walikutana Abu Dhabi. Wakati huo habari za Waislamu wa Uighur kuwekwa makambini huko Xinjiang zilikuwa zimeenea duniani. Azimio la mkutano ule liliisifu China kwa jinsi inavyowahudumia raia wake Waislamu. Julai mwaka huo, nchi kadhaa, nyingi zikiwa za Magharibi, zilipoandika barua Umoja wa Mataifa kulalamikia hali ya Xinjiang, nchi nyingine ziliandika barua ya kuiunga mkono China. Saudi Arabia na Pakistan zilikuwa miongoni mwao.

Yaani katika mwaka mmoja, jumuiya moja iliisukuma kesi ya Warohingya na kuwageuzia mgongo Waislamu wa Uighur. Imani ya Warohingya ni ile ile ya watu wa Uighur. Kilichotofautiana ni uzito wa mshitakiwa. Myanmar si mkopeshaji wa mtu. China inajenga barabara na bandari.

Sisemi haya ili tuidharau OIC. Bila jukwaa lake huenda kesi ya Gambia isingefunguliwa. Nasema ili tujue kipimo. Wakati mwingine kelele zetu kuhusu umma ni sauti ya dini, na wakati mwingine ni sauti ya siasa iliyovaa kanzu. Njia ya kuzitofautisha ni kuuliza: je, msimamo huu ungekuwa huu huu kama mdhalimu angekuwa rafiki yetu, au kama mdhulumiwa angekuwa wa dini nyingine?

Gambia yenyewe ilikuwa imepita katika mtihani huo. Kwa miaka 22 ilitawaliwa na Yahya Jammeh. Desemba 2015 alitangaza kwamba nchi yake sasa ni jamhuri ya Kiislamu. Jina hilo halikumzuia mtu kuteswa wala kupotezwa. Jammeh alipoondoka mwaka 2017 serikali mpya ililiondoa jina hilo. Tambadou, akiwa waziri wa sheria, alisimamia kuanzishwa kwa tume ya ukweli na maridhiano, na kuanzia Januari 2019 wananchi walikaa mbele yake kusimulia waliyotendewa na Waislamu wenzao. Kwa hiyo nchi iliyokwenda The Hague Novemba mwaka ule ilikuwa ikifagia na nyumba yake. Ilipokuwa na jina la Kiislamu ilikuwa inadhulumu. Ilipoliacha jina ikaifanyia kazi aya ya 135.

Nasi wa Maziwa Makuu tuna mtihani wetu. Tunapenda kukumbuka kwamba mwaka 1994 Waislamu wengi wa Rwanda waliwaficha majirani zao waliowindwa. Ni kweli, na ni heshima kubwa. Lakini Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililoeneza sumu dhidi ya Watutsi, naye alikuwa Muislamu. Alihukumiwa Arusha mwaka 2003, na kiongozi wa jopo la majaji alikuwa Navi Pillay, yule yule aliyekuja kuketi katika kesi ya Warohingya. Shahidi mkweli hutaja yote mawili.

6. Tufanye nini hapa chuoni?

Elimu isiyo na amali ni mti usio na matunda. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, tuhakiki kabla ya kusambaza. Aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat inatutaka tuichunguze habari. Wakati wa mkasa wa Warohingya zilizunguka picha nyingi za maafa ya nchi nyingine na miaka mingine. Kila picha ya uongo tunayoituma inampa mdhalimu nafasi ya kusema kwamba yote ni uongo.

Pili, tusome fani zetu kwa nia hii. Mwanafunzi wa sheria, wa uuguzi, wa takwimu, wa uandishi wa habari au wa lugha anaweza kesho kuwa ndiye anayeandika ushahidi utakaosimama mahakamani. Kati yetu wapo wanaozungumza lugha tatu na nne za eneo hili. Mkimbizi anayepata mkalimani mwaminifu amepata nusu ya haki yake.

Tatu, tushirikiane na wasio Waislamu katika kila jambo la haki, kama Mtume alivyofanya katika Hilf al-Fudul. Timu ya wanasheria wa Gambia ilikuwa na watu wa asili na dini mbalimbali, akiwemo Philippe Sands, Myahudi ambaye jamaa wa babu yake waliangamizwa na Manazi. Haikuwa aibu kwa Uislamu.

Nne, tuanze na nyumba yetu. Mtume (S.A.W) alifundisha kumsaidia ndugu yako akiwa mdhulumiwa au akiwa mdhalimu, na akaeleza kwamba mdhalimu unamsaidia kwa kumzuia. Kama jumuiya yetu ina dada wanaonyimwa sauti katika vikao, au fedha za michango zisizotolewa hesabu, hatuna uso wa kuzungumzia dhulma za Beijing na Naypyidaw.

Hitimisho

Kesi ya Gambia haikuwarudisha Warohingya makwao. Wengi wako bado katika kambi za Bangladesh, na Februari 2021 jeshi la Myanmar lilimpindua na kumkamata hata Aung San Suu Kyi aliyelitetea. Tusidanganyane kwamba hati ya mahakama inazima moto. Lakini waliokuwa wakiambiwa hawapo wamesikika kwa jina lao, na ushahidi wao umeandikwa pasipofutika kirahisi.

Baada ya mitihani nilimtafuta yule kaka. Nilimwambia nadhani jibu la swali lake ni "sote", nikamweleza kisa cha silaha ya Madina na cha Najashi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi Ijumaa ijayo mseme kwa sauti." Ijumaa iliyofuata amir alimpa yeye kuongoza dua. Aliwaombea Wapalestina na Warohingya, kisha akawataja wafu wa kijiji chake mmoja mmoja: Waislamu wale wawili, kisha majirani zao, kwa wale akaomba damu yao ipate haki na watoto wao wapate amani. Ilikuwa dua ndefu. Hakuna aliyekimbilia viatu.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Kwa nini mahakama haikuhitaji Gambia iwe imedhurika? Linganisha na mapatano ya Hilf al-Fudul.
2. Soma An-Nisaa 105 hadi 112 pamoja na tafsiri yake. Ukoo wa mwizi ulitaka nini hasa, na leo tunakifanya wapi?
3. Taja dhulma moja inayofanywa na watu wetu ambayo jumuiya yetu huiepuka. Ni ushahidi gani tunaoweza kuutoa?

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe mashahidi wa haki kwa ajili yako, hata dhidi ya nafsi zetu. Wanusuru wote waliodhulumiwa, tunaowajua na tusiowajua. Amin.

Wabillahi tawfiq.